Tusafishe orodha ya wale tunafwata



Tangu M23 iliingia Goma tarehe 27 Januari 2025, simu zetu zimejaa video za vita ya inchi ingine zinazoitwa za kwetu, sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe, na watu wenye kuandika kama kabila fulani yote ni adui. Picha moja ya uongo inatosha jirani apigwe bure.

Wenye kuzitupa mule wanaishi kwa sisi. Kila mwenye kuwafwata anawaongezea nguvu. Hata ukiwatukana chini pale, Facebook inahesabu tu kama watu wanaitikia, inazidi kuonyesha wengine. Na mega ni zako zinaisha.

Basi leo jioni, tufungue ile orodha. Kwa kila mutu tuulize: habari anaitoaka wapi? Akikosea, anasahihisha? Anachukiza watu juu ya kabila yao? Akishindwa, tumutoe kimya, bila kubishana. Hata kama anajisema wa upande wetu: uongo wa rafiki unaua sawa na wa adui.

Tubaki na wale wanaotaja fasi, siku na nani aliona.