Kelele si Nguvu: Maoni juu ya Pikipiki za Zamani



Leo hatutaki kusema juu ya mpira wala juu ya usafi wa vyumba. Tunataka kusema juu ya zile pikipiki za zamani ambazo zimelala miaka mingi nyuma ya nyumba zetu, kuku wakitagia chini yake, na sasa vijana wameanza kuzifufua. Hatusemi zile TVS za taksi, ambazo injini yake ni ya mipigo minne. Tunasema zile Yamaha za mipigo miwili, DT125 na AG100, ambazo waganga, mabwana shamba na watu wa misioni walizipanda wakati wa wazazi wetu.

Juu ya jambo hilo watu wamegawanyika. Wazee wengine wanasema, «Moto itatosha mutoto kwa masomo.» Vijana wengine wanasema, «Kata tu bomba la moshi, utaona vile itakimbia.» Sisi viongozi wa wanafunzi tulio katika mwaka wa mwisho tunaona kwamba pande zote mbili zinakosa jambo moja. Pikipiki kuukuu ya mipigo miwili ni mwalimu mzuri sana, lakini ni mwalimu kwa yule anayepima. Kwa yule anayekisia ni hasara na kelele tu.

Tueleze kwanza kwa nini ni mwalimu. Injini ya mipigo minne inatoa nguvu mara moja kila mhimili wake unapozunguka mara mbili. Ya mipigo miwili inatoa nguvu kila mzunguko, tena haina vali kichwani. Pistoni yenyewe ndiyo inafungua na kufunga matundu ya silinda. Chini ya pistoni, chumba cha mhimili kinavuta hewa na esansi na kuisukuma juu. Kwa hiyo ukifungua injini hiyo juu ya meza unaona kila kitu kwa macho. Kile mwalimu wa fizikia anachora ubaoni kwa chaki, wewe unakishika mkononi.

Na hesabu iko humo pia. DT125 ina silinda yenye kipenyo cha milimita 56, na pistoni inatembea milimita 50. Fanya hesabu ya ujazo kama tulivyofundishwa, utapata sentimita 123 za ujazo, si 125. AG100 ina 52 na 45.6, nayo inatoa 97. Ni wangapi kati yetu waliona namba hizo ubavuni mwa pikipiki tangu utoto na hawakujua zinatoka wapi?

Sasa tuje kwa makosa yanayoonekana katika nyua nyingi.

La kwanza ni oili. Injini hii haina oili yake chini kama TVS. Oili inaungua pamoja na esansi. Yamaha walianza mwaka 1964 kutumia pampu ndogo inayoleta oili yenyewe kwa kipimo. Lakini kwa pikipiki nyingi za zamani pampu hiyo imekwisha kuondolewa, na mwenyewe anamwaga oili ndani ya tanki kwa macho. «Tia tu, iko sawa.» Haiko sawa! Ikiwa kipimo ni 1 kwa 25, lita 5 za esansi zinataka mililita 200 za oili. Biberoni ya mtoto ina alama zote za kupimia (ila isirudishwe kwa mtoto!). Oili ikipungua, pistoni inashika ndani ya silinda. Na yule anayesema, «Basi nitie mingi, ndiyo salama,» ajue hili: oili ikizidi inachukua nafasi ya esansi katika kile kitundu cha karburateri, mchanganyiko unakosa esansi, na injini inapata joto zaidi. Kuzidisha si kulinda.

La pili ni hewa ya wizi. Kwa sababu chumba cha mhimili ndicho pampu ya injini, ile mipira miwili ya pembeni, ambayo mafundi wanaita spi, ikikauka, hewa inaingia bila ruhusa. Pikipiki inalia juu sana, inakataa kutulia, halafu siku moja inashika njiani. Wengi wananunua pistoni mpya, nayo inakufa vilevile, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwa pistoni. Kupima si kazi ya pesa. Ziba matundu kwa mpira, sukuma hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, paka maji ya sabuni, angalia povu. Povu likitoka, umekwisha kumkamata mwizi.

La tatu ni silinda yenyewe. Mtu anasugua kwa msasa, anaweka pete mpya, anasema imepona. Silinda iliyolika haina umbo la duara tena. Inatakiwa kupimwa juu, katikati na chini, kisha ipelekwe kwa fundi mwenye mashine aichonge kufuata pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo zinazidi kwa kipimo kidogo, milimita 0.25 au 0.50. Nafasi kati ya pistoni na ukuta inahesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Jicho la mtu halioni kitu kidogo hivyo, hata jicho la fundi mwenye mvi.

Tena kuna urefu wa nchi. Goma iko karibu metre 1,500 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, imepungua karibu sehemu moja kwa saba. Kiwanja iko chini ya Goma, na ukipanda Kanyabayonga unakwenda juu tena. Kwa hiyo kitundu cha esansi kinachofaa pwani si lazima kifae hapa, na karburateri iliyopangwa mlimani inaweza kunyima injini esansi ikishuka huku bondeni. Fungua buji uisome: rangi ya kahawia ni nzuri, nyeusi yenye maji ni esansi nyingi, nyeupe ni hatari.

Lakini kosa linalotuchoma moyo zaidi ni lile la kukata bomba la moshi. Ndugu zetu, sikilizeni habari hii. Katika mji wa Zschopau, Ujerumani ya Mashariki, mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ alichunguza miaka mingi umbo la bomba hilo. Alijua kwamba moshi ukitoka unatuma wimbi la mgandamizo. Bomba likipanuka na kusinyaa kwa vipimo vinavyofaa, wimbi linarudi na kusukuma ndani ya silinda ile esansi mpya iliyotaka kutoroka. Mwaka 1961 injini yake ya 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Mwaka uleule mwendeshaji wake, Ernst Degner, alikimbilia Magharibi na kupeleka maarifa hayo kwa Suzuki wa Japani, na mwaka 1962 Suzuki na Degner walishinda ubingwa wa dunia wa 50. Maarifa ya bomba yalivuka mipaka ya nchi kama dhahabu. Na sisi hapa tunalikata kwa msumeno, halafu tunafurahi kwa sababu inalia! Anayekata bomba anakata nguvu. Anabaki na sauti.

Na sauti hiyo, hapa kwetu, si mchezo. Mwezi wa Novemba 2008 watu wengi waliuawa katika Kiwanja hii. Wengi wetu tulikuwa bado watoto wa mgongoni au hatujazaliwa, lakini mama zetu wanakumbuka, na baada ya hapo wamekimbia tena si mara moja. Bomba lililokatwa likipasuka saa mbili za usiku, mama jirani hasemi, «Ni pikipiki.» Anazima taa kwanza, anakusanya watoto. Kijana anayemfanyia hivyo kwa ajili ya kuonekana hajui kutengeneza kitu. Anaharibu vitu viwili pamoja, injini na usingizi wa watu.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaotaka jambo hili likatazwe kabisa. Ukikataza, kijana atakwenda kujificha kwa fundi wa kukisia, na atajifunza kukisia. Lakini hatukubali pia aachiwe bila sheria. Maoni yetu ni haya.

Kila anayefungua injini awe na daftari: aandike kipimo, tarehe, na kila kitu alichobadilisha. Asibadilishe vitu viwili kwa mara moja, maana hatajua ni kipi kilichoponya. Bomba libaki lote na kizuizi chake cha sauti. Oili chafu isimwagwe mtaroni, maana mtaro unakwenda mtoni na mtoni tunachota. Asiye na umri na kofia asipande barabarani, hata kama yeye ndiye aliyeitengeneza. Na kwa sisi wa mwaka wa mwisho, mwezi ule wa Mtihani wa Serikali funguo za pikipiki zikae kwa wazazi.

Kwako Bwana Prefe tunaleta ombi moja kwa heshima. Utupe kona ya hangari kila Jumamosi mchana, pamoja na mwalimu mmoja wa fizikia na kipimio kimoja cha chuma. Injini tutaleta sisi. Na dada zetu wasiitwe kushika taa tu. Nao washike funguo na waandike daftari, maana tumeona darasani kwamba kwa kupima wanatupita wengi.

Nchi yetu ina watu wengi wanaojua kuendesha, na wachache wanaojua kwa nini kitu kimekufa. Tunataka shule hii itoe wale wachache.

Hayo ndiyo maoni yetu. Mwenye mengine aandike, nafasi iko.