Moshi wa Zebaki na Mtoto Aliye Tumboni



Katika vigango vyetu vya machimboni liko neno ambalo nimelisikia hata nikalichoka: "Mama yangu alichoma zebaki miaka yote, na mimi ni mzima." Hulisema watu wenye akili zao, na baadhi yao ni viongozi wa jumuiya. Nasema wazi kwamba neno hilo si ushahidi, bali ni kisingizio.

Sote twajua kazi inavyofanyika. Jiwe husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa, kisha zebaki hutiwa katika karai na kusuguliwa kwa mikono mitupu mpaka ishikane na dhahabu. Donge lipatikanalo hukamuliwa kwa kitambaa na kuwekwa juu ya jiko la mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, na mkaa uliopepewa vizuri hufika huko bila taabu. Dhahabu hubaki, zebaki hupaa. Nayo hupaa ndani ya chumba kile kile anamopikia mama mjamzito, maana twawaogopa wezi kuliko sumu.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Huingia mapafuni, kutoka hapo hupita kwenye damu, na kondo la nyuma haliuzuii. Ubongo wa mtu mzima umekwisha kujengwa. Wa mtoto aliye tumboni ungali unajengwa siku kwa siku, na sumu ikiuvuruga ujenzi huo, hakuna dawa ya kuurudia upya. Kwa sababu hiyo uzima wa mama hauthibitishi lolote juu ya mwanawe.

Mzee mmoja aliniambia kuwa haya ni maneno ya wageni wanaotaka kutufungia machimbo. La hasha. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotokana na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Akina mama waliokula samaki wa ghuba ile, wengine wakiwa na dalili hafifu tu, walizaa watoto wasioweza kutembea wala kusema. Waganga wa wakati ule waliamini kuwa kondo humkinga mtoto na sumu, wakakosea. Ni kweli kwamba zebaki ya samaki na zebaki ya moshi si namna moja, lakini zote mbili humfikia mtoto tumboni.

Zebaki imeonekana hata katika maziwa ya akina mama wa maeneo ya machimbo, hapa Tanzania na kwingineko. Nawasihi msinielewe vibaya: mama asiache kunyonyesha kwa hofu. Kinachopaswa kuondolewa nyumbani ni moshi.

Simlaumu mama huyo. Yeye huchoma alichopewa, mahali alipoambiwa. Namlaumu mnunuzi wa dhahabu ampaye mchimbaji zebaki kwa mkopo ili amfunge asiuze kwa mwingine. Namlaumu mwenye mwalo ajuaye kuwa kipo chombo cha chuma, chenye kifuniko na bomba, kinachoupoza mvuke na kurudisha sehemu kubwa ya zebaki, naye hakinunui. Eti ni gharama! Mbona michango ya harusi haimshindi? Na sisi mapadre tusijitoe: sadaka zitokazo machimboni tumezipokea kwa mikono miwili bila kuuliza zilichomewa wapi.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo wadai kukomeshwa kwa uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu, na kuwakinga watoto na wajawazito. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliitaja zebaki ya machimbo ya dhahabu kwa jina lake. Basi hakuna kati yetu awezaye kusema kwamba hakuambiwa.

Kwa hiyo kila jumuiya ndogo ndogo iliyo karibu na machimbo ichunguze ni wapi zebaki inachomwa ndani ya nyumba, na iiletee kamati yetu ya Haki na Amani majina ya wenye mialo na wanunuzi, si ya akina mama. Chombo kimoja cha kuchomea, kilichowekwa mbali na nyumba, chaweza kutumiwa na wachimbaji wengi kwa zamu. Wale wenye mialo walio katika Halmashauri ya Walei nitawaendea mimi mwenyewe, nami nitaanza nao.