Kinanda cha Umeme Hakina Kosa

Mwezi wa Rajabu uliopita nilikuwa nikipekua stoo ya duka langu hapa Kitale, nikitafuta mikeka ya kupeleka Bungoma kwenye arusi ya mpwa wangu wa kike. Nyuma ya magunia nikakuta sanduku la bati ambalo sikulifungua kwa zaidi ya miaka thelathini. Ndani mlikuwa na kanda za kaseti. Nyingi zilikuwa za taarabu ya Mombasa, nami nilizitambua kwa mwandiko wangu mwenyewe. Lakini chini kabisa zilikuwapo tatu za Kiingereza, alizoniletea marehemu kaka yangu aliyekuwa baharia. Zilikuwa kanda tatu za mwanzo za bendi ya Uingereza iitwayo Depeche Mode.

Msomaji wangu wa Mombasa au Lamu atauliza: mtu mzima, mzaliwa wa Kibokoni, mwenye wajukuu, ana haja gani na muziki wa vijana wa Kizungu? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba kanda hizo zimenionyesha kosa nililokuwa nikilifanya nyumbani kwangu, nami nina hakika kwamba silifanyi peke yangu.

Kaka yake bibi arusi ana kinanda cha umeme alichokinunua kwa jasho lake. Wiki moja kabla ya siku ile ya stoo alikuwa amenijia kwa adabu, akaniomba ruhusa ya kupiga katika arusi ya dada yake. Nilimkatalia mbele ya watu. Nilisema, "Hicho si chombo cha muziki, ni mashine. Unabonyeza, inapiga yenyewe. Arusi ya nyumba hii haitachezewa na mashine." Alijibu, "Sawa, mjomba," akatoka. Siku ya stoo alikuja kunisaidia kubeba mikeka, kwani ni kijana mwenye malezi, lakini hatukuwa tukizungumza kama zamani. Akaziona zile kanda, akazigeuza mkononi, akasoma majina ya ala zilizotumika. Kisha akauliza kwa upole, "Na hizi, mjomba, si za mashine?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilitoa radio yangu ya zamani, nikaikaza kanda ya kwanza kwa kalamu ya risasi, nikasikiliza. Nilifanya hivyo siku tatu mfululizo, kila siku kanda moja.

Watu wengi walijuao jina la Depeche Mode wanalijua kwa sifa za baadaye, hasa tangu walipojaza uwanja wa Rose Bowl huko California mwezi wa Juni 1988. Mimi nazungumzia mwanzo wao. Walikuwa vijana wanne wa mji wa Basildon, mashariki ya London: Vince Clarke, Martin Gore, Andy Fletcher aliyefariki mwaka 2022, na mwimbaji wao Dave Gahan. Walianza mwaka 1980, wakiwa wametoka tu katika utoto. Basildon ni mji uliojengwa na serikali baada ya Vita Vikuu vya Pili ili kuzihamishia familia za London. Mji wa namna hiyo hauna mafundi wa kale. Kijana wa Lamu aliweza kukaa miguuni pa mpiga udi akajifunza kwa macho. Kijana wa Basildon alichukua alichokikuta dukani.

Sisi wa Kitale tunalielewa jambo hilo. Huu nao ni mji wa wageni. Reli ilifika hapa mwaka 1926 kwa ajili ya walowezi na mazao yao, na baada ya Uhuru tukaja sisi wengine, kila mtu na kabila lake na biashara yake. Ukienda Bungoma utamkuta mzee wa Kibukusu na litungu lake, naye amerithi kutoka kwa wazee wake. Lakini mtoto wa Mswahili aliyezaliwa Kitale, baba yake muuza vitambaa, udi ataurithi kwa nani? Kinanda cha umeme ndicho alichokikuta dukani.

Kanda ya kwanza inaitwa Speak & Spell. Ilitoka Oktoba 1981 kwa kampuni ndogo ya Mute, ya bwana Daniel Miller, ambaye aliwachukua vijana wale kwa kupeana mikono tu pasipo mkataba wa maandishi. Jina lenyewe ni la mwanasesere wa umeme wa kufundishia watoto tahajia. Nilipoisikia mara ya kwanza, katika miaka ya themanini, nilicheka nikasema kweli hii ni michezo ya watoto. Sasa nimesikia jambo jingine. Sinthesaiza nyingi za wakati ule zilitoa sauti moja tu kwa mara moja, hazikuweza kupiga sauti tatu pamoja kama kinanda cha kawaida. Kwa hiyo ilibidi kila sauti itungwe peke yake, na kila kijana ashike mstari wake. Mmoja anaingia, anampisha mwenzake, anarudi. Nilimkumbuka nyanya yangu akisuka ukili barazani, kila mwaa na mahali pake, na ukikosea mmoja mkeka wote unakwenda upande. Mashine ile haikupiga yenyewe hata kidogo.

Kanda ya pili ni A Broken Frame, ya Septemba 1982. Kabla ya kuanza kuitengeneza walipatwa na msiba wa kikazi. Vince Clarke, aliyetunga karibu nyimbo zote za kanda ya kwanza, aliwaacha, akaenda kuunda Yazoo pamoja na mwimbaji Alison Moyet. Msomaji anayejua mambo ya vikundi vyetu vya taarabu anafahamu maana ya kuondokewa na mtunzi. Wenzake watatu hawakuvunja kikundi. Martin Gore akachukua kalamu, nao wakaendelea. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kanda hii ni dhaifu kuliko ya kwanza, na nyimbo nyingine zinatembea kama mtu anayetafuta njia gizani. Hata hivyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu unawasikia watu wakijifunza mbele yako bila kuficha. Juu ya jalada lake kuna picha ya Brian Griffin, ya mwanamke ameinama shambani anavuna nafaka kwa mundu, na mawingu mazito nyuma yake. Nimewahi kupita Kwanza wakati wa mavuno nikaona migongo ya namna hiyo. Kaka yangu aliniambia alinichagulia kanda ile kwa ajili ya picha, kwani ilimkumbusha mahali nilipohamia.

Ya tatu ni Construction Time Again, ya Agosti 1983, na hii ndiyo iliyonivua kiburi. Alikuwa amejiunga nao Alan Wilder, mpiga kinanda aliyesomea. Tena walikuwa wamepata chombo kipya chenye uwezo wa kunasa sauti yoyote ya duniani na kuirudisha kwa vidole. Wakatoka studioni, wakazunguka mitaa ya mashariki ya London wakigonga vyuma na mabati, wakazirekodi sauti hizo, wakarudi kuzifanyia nyimbo. Wimbo mmoja mashuhuri wa kanda hiyo unalaumu uroho wa makampuni makubwa. Asubuhi yake nilipopita kwa mafundi wetu wa jua kali, ambao kila siku mimi huharakisha nipishane na kelele zao, nilisimama nikasikiliza. Mmoja alikuwa akigonga jiko, mwingine akinyoosha bati, na kwa kitambo kidogo walikwenda pamoja.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Sisi wapenzi wa taarabu tumezoea kusema kwamba kinanda cha umeme kimeiua taarabu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo katika miaka ya tisini, lilipotokea kundi la East African Melody, lililoanzia Dubai kwa watu wetu waliokwenda huko kutafuta riziki, na vikundi vingine vikafuata kwa vinanda na ngoma za mashine. Lakini tuulizane, tunachokitetea kilitoka wapi? Taarabu ya Zanzibar ilianzia kwa Sultani Barghash, aliyemtuma mtu Misri akajifunze. Kanuni na fidla hazikuota mnazini. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, mashine ambayo baadhi ya babu zetu waliiona ni ya ajabu. Juma Bhalo, Mungu amrehemu, aliimba kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na leo tunamwita wa kwetu halisi. Hata taishokoto, iliyovuma katika arusi za Mombasa, ni ala ya Kijapani yenye vitufe kama vya taipureta. Kila kimoja katika hivyo kilikuwa kigeni siku ya kwanza.

Basi kosa haliko kwenye chombo, liko kwenye uvivu. Na hapo silegezi kamba. Wapo vijana wanaowasha mdundo uliotiwa na kiwanda, wakauacha ukaenda mpaka mwisho, wakaimba juu yake matusi ya kumsema jirani. Huo siuiti muziki hata ungepigwa kwa udi wa dhahabu. Lakini mwenye kukaa na kinanda chake usiku kucha akitafuta sauti moja iliyo yake, huyo ni fundi sawasawa na mchonga mlango wa Lamu, na heshima yake apewe.

Najua wapo masheikh wanaoona kwamba ala zote hazifai. Hilo ni la wenye elimu yao, sitaingia. Wala sisemi kwamba kila walichokitunga vijana wale wa Kizungu kinafaa kuletwa katika nyumba zetu. Nasema na wale ambao, kama mimi, tumezikubali ala za zamani kisha tukazikataa mpya kwa sababu tu si za ujana wetu.

Siku ya nne nilimwita mpwa wangu, nikamwomba radhi mbele ya wale wale niliomkatalia mbele yao. Nikampa na sharti moja: asitumie hata mdundo mmoja wa kiwandani. Hakuniuliza atapata wapi mwingine. Alimwendea mama yangu mdogo, ambaye alikuja bara na pembe zake za vugo na hazijatoka kabatini kwa miaka mingi, akamwomba azipige. Akainasa sauti ile kwa simu yake, akaitia katika kinanda.

Arusi ilikuwa Shaaban. Tuliteremka Bungoma kupitia Kiminini na Kamukuywa, gari tatu, mikeka juu. Usiku, upande wa wanawake, kijana alipiga akiwa nyuma ya pazia. Mama mdogo, ambaye sikio lake moja halisikii vizuri, alinyamaza kidogo, kisha akainuka akasema, "Hiyo pembe yangu!" Akaagiza aletewe zile zenyewe, akajibizana na kinanda mpaka wanawake wote wakasimama. Mimi nilikuwa nje na wazee wenzangu, tukinywa kahawa, nikisikiliza.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na maneno hayo nimeyatumia mara nyingi kuwanyamazisha vijana. Lakini pembe za mama mdogo zilikuwa zimelala kabatini kwa sababu yetu sisi wazee. Aliyezitoa ni kijana na mashine yake.

Ombi langu kwa msomaji ni dogo. Kanda za kaseti hushika ukungu na kuganda, hasa huko pwani kwenye unyevu. Kama una sanduku la bati mvunguni, lifungue mwaka huu, za taarabu na zisizo za taarabu. Na unapozisikiliza, usisikilize peke yako. Mwite kijana wa nyumbani aketi nawe, naye umruhusu akuulize swali.