Tulihesabiwa Mjini, Tukasomwa kwa Kabila

Yusufu wa Nazareti alifunga safari hadi Bethlehemu, mji wa ukoo wake, ndipo akahesabiwa. Mkenya hakutakiwa kufanya hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 kila mtu aliandikwa pale alipolala. Aliulizwa pia kabila lake, na mgeni akaulizwa uraia wake.

Jibu la kabila ndilo lililoenea nchi nzima. Takwimu zilipochapishwa, Wakikuyu 8,148,668, Waluhya 6,823,842, Wakalenjin 6,358,113, wanasiasa walianza kujumlisha kama wafanyabiashara wa ng'ombe. Ni wangapi waliotaja jedwali la pili? Mashambani waliishi watu 32,732,596, na mijini 14,831,700. Mama auzaye mboga Kawangware hutiwa katika hesabu ya kabila lake, na msemaji wa kabila hilo hujivunia kura yake. Lakini kodi ya nyumba huilipa Kawangware, na maji huyanunua huko huko kwa mtungi.

Ubaguzi huu si wa jana. Vyama vingi viliporejea katika uchaguzi wa 1992, Nairobi ilikuwa na viti 8 kati ya 188, ijapokuwa sensa ya 1989 ilikuta humo watu 1,324,570. Wastani wa nchi ulikuwa kama watu 114,000 kwa mbunge mmoja. Wa Nairobi ulizidi 165,000.

Katiba ya 2010 ilikusudia kurekebisha jambo hilo. Kifungu cha 89 chaweka viti 290, na kuruhusu eneo bunge la mji mkuu lizidi wastani kwa asilimia 40, basi. Hebu tupige hesabu. Kwa sensa ya 2019, wastani ni watu 164,015, na kikomo cha juu ni 229,620. Nairobi yenye watu 4,397,073 ina viti 17, yaani watu 258,651 kwa kila kimoja. Hata tukiyajaza maeneo yake yote hadi ukingoni, haiwezi kupata chini ya viti 20. Mipaka iliyopo ilichorwa mwaka 2012 kwa hesabu ya 2009, na muda wa miaka 12 uliowekwa na Katiba ulikwisha Machi 2024 bila mipaka mipya.

Nakiri kuna uchungu hapa. Viti haviongezwi bila kubadili Katiba. Kinachokuja Embakasi hutolewa kwingine, pengine katika kijiji alikozikwa babu yangu. Wazee wa huko wana haki ya kuelezwa hayo waziwazi, kabla hawajaambiwa na wachochezi kwamba kabila fulani limewanyang'anya. Aliyeongezeka mjini ni mtoto wao wenyewe.

Tume ya mipaka itakapoketi kusikiliza maoni, vikundi vya haki na amani katika parokia vifike na jedwali la makazi mkononi. Lile la kabila wataletewa na wengine.