Mwongozo wa Udahili Uandikwe kwa Kiswahili

Kila mwaka, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa mwongozo wa udahili kwa wahitimu wa kidato cha sita. Ndani yake mna programu za vyuo, sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Ni kitabu cha manufaa. Ila kimeandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo ninapogombana nacho. Hata shahada ya Kiswahili imeelezwa humo kwa Kiingereza!

Hapa Dodoma vyuo tunavyo. Tangu 2007 tuna Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Lakini mzazi wa Kongwa au Mpwapwa, auzaye alizeti ili alipe ada, atavilinganishaje? Taarifa isiyosomeka ni sawa na isiyochapwa. Basi chuo huchaguliwa kwa picha ya jengo, kwa mvumo wa jina, au kwa maneno ya shemeji aliyewahi kupita huko. Mtoto naye husoma akaelewa nusu: hudhani alama za chini zilizotajwa ni ahadi ya nafasi, kumbe ni kizingiti tu, na nafasi zenyewe hugombewa.

Nilipokuwa nikifundisha sekondari nililizoea jibu hili: asiyeweza kusoma mwongozo kwa Kiingereza atasomaje chuo kikuu? Hoja hiyo inamsahau mlipaji. Mwanafunzi ataingia darasani. Mzazi ataingia deni.

Wengine watasingizia istilahi. Udahili, shahada, stashahada, muhula, mkopo: ipi haipo? Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Ikiwa hukumu yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sifa za kujiunga na chuo zina ugumu gani?

Malenga na wanalugha wenzangu, tumezoea kukisifu Kiswahili kila tarehe 7 Julai. Sifa hazimsaidii mzazi wa Mpwapwa. Tudai kitabu:

Mwongozo ni wa raia, wenye watoto na deni,
Chuo wanacholipia, wakijue kwa undani,
Lugha wanayotumia, isikose kitabuni,
Mwongozo wa Kiswahili, tuusome tuchague.