Madam Anaenda Japani, Tafadhali Asibebe "Jambo"

Mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari anaenda Japani. Wiki mbili, mambo ya kubadilishana utamaduni: atatembelea shule na kukaa na familia ya huko. Nilifurahi kama ni mimi nimepewa viza. Halafu akaingia kwa grupu yetu ya WhatsApp akauliza, "Wanangu, nibebe nini cha kuonyesha Kenya?"

Majibu yalikuja mbio. Shuka la Kimaasai. Shanga. Simba wa mbao. Tisheti ya "Hakuna Matata". Msee mmoja akasema awafunze watoto wa huko kusema "Jambo". Huyu msee amezaliwa Umoja, na shuka amevaa mara moja tu maishani, kwenye tamasha za muziki.

Sina shida na shuka. Lakini jiulize, mara ya mwisho mtu kukusalimu "Jambo" mtaani ilikuwa lini? Hiyo tumewawekea watalii. Sisi ni niaje, sasa, vipi, uko aje. Ukishuka Pwani ni shikamoo.

Na kuna kitu wengi hawajui. Chuo Kikuu cha Osaka kinafunza Kiswahili. Yaani kuna kijana Mjapani anakesha na ngeli zile zile zilizotutoa jasho. NHK, shirika lao la utangazaji, lina matangazo ya Kiswahili. Sasa Madam afike huko na "Jambo"? Zii.

Hapa ndipo huniuma. Shule yangu ya msingi ilikuwa na diski, kile kibao cha kamba unavalishwa shingoni ukishikwa ukiongea Kiswahili siku ya Kimombo. Nilikivaa darasa la 5 kwa sababu nilimwambia deski-meti wangu, "Nipe rula." Maneno mawili. Jioni nikasugua vyoo. Lugha mtu wa Osaka analipia karo kuisoma, mimi niliilipia kwa ufagio.

Na bado kwa ufagio. Najua Madam akirudi atatuambia wanafunzi wa Japani husafisha madarasa yao wenyewe, na watu watashangaa. Wacheni hizo, sisi tumefagia kuwaliko! Tofauti ni kwamba kwao ni sehemu ya siku, kila mtu anashika kitambaa. Kwetu mara nyingi ilikuwa adhabu. Umechelewa, fagia. Umepiga kelele, deki. Ukimfunza mtoto kwamba ufagio ni jela, akikua atatupa chupa nje ya dirisha la mathree bila hata kugeuka. Hilo ndilo ningependa Madam aangalie akiwa huko, si treni.

Wangari Maathai alienda Japani 2005 akakutana na neno "mottainai", lile la kusikitika kitu kizuri kikipotezwa bure. Akalibeba, akalitangaza duniani kama lake. Huko ndiko kubadilishana. Mtu anarudi na neno.

Kwa hivyo Madam naye apeleke neno. Mimi nasema apeleke "pole". Umejikwaa, nakuambia pole, na si mimi nimekuangusha. Umetoka job, pole na kazi. Jaribu kuisema hiyo kwa Kimombo uone vile utahangaika. Lakini Wajapani wataishika haraka, kwa sababu wana "otsukaresama", ambayo watu huambiana wakimaliza kazi. Ni "pole na kazi" kabisa! Nchi mbili mbali hivyo, na zote ziliona mtu aliyechoka anastahili kuambiwa kitu. Somo zima liko hapo, na halihitaji simba wa mbao.

Nilimwandikia Madam haya yote inbox, meseji ndefu kama insha. Akajibu baada ya masaa mawili: "Asante mwanangu, pole nitaitumia. Lakini shuka nishanunua."

Sawa, abebe. Huko kuna baridi.