Bajeti ya "Mwaka Jana Ongeza Kidogo" Inatumaliza

Makamanda, kila mwezi wa sita ni yale yale. Waziri anaingia bungeni na mkoba, makofi, sisi tunabishana mtandaoni kuhusu bei ya soda na bia, halafu tunalala. Kumbe hasara ilishapangwa miezi mingi nyuma, kwenye kompyuta ya mhasibu.

Nimeiona kwa macho yangu. Nikiwa fildi kwenye taasisi moja ya umma nilipewa kazi ya "kuandaa bajeti". Nikajua nitaumia kichwa. Wapi! Nilifunguliwa faili la mwaka uliopita, nikaambiwa nibadilishe tarehe juu na kila mstari niongeze asilimia kumi. Kulikuwa na fedha za kukodi jenereta. Jenereta tunalo, la kwetu, linaunguruma nje ya dirisha! Nikauliza. Bosi akacheka: "Dogo, ukiufuta huo mstari, mwakani huupati tena." Na Juni ikiingia, kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30, semina zinamwagika kama masika.

Dawa ipo, tena ya zamani: bajeti ya kuanzia sifuri. Hakuna cha "mwaka jana tulipewa". Taasisi inashika karatasi tupu, inaeleza kazi yake, inaeleza nini kitaharibika isipopewa hela, na ingefanya nini ikipewa pungufu. Peter Pyhrr wa Texas Instruments aliiandikia makala mwaka 1970. Jimmy Carter, akiwa gavana wa Georgia, akaipeleka kwenye idara za jimbo lake kwa bajeti ya 1973, kisha akaenda nayo Washington. Reagan akaifuta 1981.

Najua CCM watadaka hapo hapo: si mnaona, ilishindikana! Tuwe wakweli, ilizama kwenye makaratasi. Kila idara, kila mwaka, marundo ya fomu ambayo hakuna mwenye muda wa kuyasoma. Ukimuuliza mtu kila kitu kwa mpigo atajaza uongo tu. Kwa hiyo tusiige kichwakichwa. Taasisi chache kila mwaka, kwa zamu, kila moja ipite kwenye sifuri angalau mara moja ndani ya miaka mitano. Na ijieleze mbele ya kamati ya Bunge, milango wazi, siyo chemba kwa katibu mkuu. Halafu anayetaka kutumia hoja hii kukata dawa za zahanati, huyo si mwenzetu.

Kenya, Hazina yao ilitangaza kuandaa bajeti ya 2025/26 kwa mtindo huu. Sisi bado tunanakili.

Wiki hii fungua vitabu vya makadirio kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha. Chagua fungu moja tu, linganisha na mwaka jana. Mstari uliopanda bila sababu, piga picha, mtumie katibu wa vijana wa jimbo lako. Mimi naanza na majenereta.